Sura ya Sita: Sisimizi Kwenye Chupa ya Dawa

Maabara ya Taasisi ya Mkangazi ilikuwa imefungwa na polisi tangu Jumanne jioni, na wa kwanza kuidharau amri hiyo walikuwa sisimizi. Walitokea dirishani, wakavuka meza nyeupe, wakapanda mpaka shingoni mwa vichupa vinne vilivyoachwa pale kama vielelezo. Inspekta Tupokigwe, mwanamama mpelelezi wa Kinondoni, aliinama akawatazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama Mkurugenzi wa taasisi hiyo.

"Koplo, kwenu sisimizi wanafuata nini?"

"Sukari, afande," alijibu Koplo Marselino. "Na maiti."

"Maiti ni panya, na wako chumba cha pili. Hawa hawana habari nao."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumatatu, mbele ya wageni waliotoka nje ya nchi kwa ajili hiyo tu, Dk. Genoveva aliwapa panya dawa aliyoihangaikia kwa miaka, kisha mishipa ya figo zao ikabanwa na baadaye ikaachiwa. Dawa ilitakiwa kuzilinda figo zile zisiungue damu ikirudi. Haikuzilinda. Jumanne figo za panya waliopewa dawa zilikuwa zimeharibika sawa na za wasiopewa, na kipimo kikaonyesha kwamba vichupani dawa haimo kabisa. Kilichokuwamo badala yake, hakuna aliyehangaika kukijua. Mkurugenzi alitangaza kwamba Genoveva ameiuza dawa kwa watu, na jioni ile mama wa watu akalala mahabusu. Kesho asubuhi jalada lingekwenda kwa mwanasheria wa serikali, na mtafiti akishapanda kizimbani kwa wizi, hata akishinda kesi hakuna maabara itakayompa ufunguo tena.

Tupokigwe aliomba aitiwe mtu mwenye vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo. Akaja Dk. Adelard, mrefu, miwani puani, na tabasamu ambalo wafanyakazi wenzake walisema halijamtoka tangu Jumanne. Alichovya kijiti. Ncha yake ikageuka rangi, ikakolea.

"Sukari," alisema. "Tena ya kumwaga."

"Dawa yenu inawekwa sukari?"

"Dawa ya Genoveva," alimsahihisha. "Haiwekwi. Ni chungu kama shubiri."

"Nieleze inavyofanya kazi. Taratibu, mie nilisomea sheria."

Adelard alivua miwani. Kwa mara ya kwanza tabasamu lilipungua, akawa mwalimu. "Watu wanadhani nyama ya mwili inaharibika ikikosa damu. Inaharibika, kweli. Lakini balaa kubwa ni pale damu inaporudi. Oksijeni inaingia kwa pupa kwenye nyama iliyokwisha kudhoofika, inazaa sumu, sumu inaunguza. Umewahi kulifunika jiko la mkaa ukadhani limezima?"

"Ukilifunua linawaka upya."

"Ndiyo hivyo. Dawa hii inatangulia kuingia ndani kabla hujafungua kibanio, inazima cheche mapema. Ukiichelewesha mpaka damu imerudi, haina kazi tena."

"Na inafanya kazi kweli, au ni maneno ya kuwafurahisha wageni?"

Adelard alifuta miwani kwa pindo la koti, akafuta tena. "Inafanya kazi. Mwaka mzima nimetafuta kosa ndani yake, sijaliona. Hujui inavyouma."

"Unamwonea wivu."

"Sana. Tulisoma darasa moja, na wa kwanza darasani nilikuwa mie. Andika hivyo hivyo, sina aibu nayo."

"Nani wana ufunguo wa friji ya dawa?"

"Mie. Fransis, msaidizi wake. Na yeye mwenyewe."

"Kwa hiyo ungeweza kuimwaga ukatia maji ya sukari."

Adelard alicheka, na kicheko kilikuwa cha mtu aliyetukanwa. "Afande, mie ni wa kufanya kazi ya kitoto namna hiyo? Dawa ile haitaki mwanga, ndiyo maana vichupa vimevishwa foili. Ningetaka kumharibia ningeivua foili, nikaviacha hapo dirishani asubuhi moja tu, nikavifunga tena. Dawa ingekufa na rangi ingebaki ileile. Hata mngepima mngeikuta humo, ila imekufa, mngesema ni bahati mbaya. Aliyemwaga akajaza sukari hakujua anachomwaga. Huyo si mmoja wetu."

Maneno hayo yalimwingia Tupokigwe kuliko alivyopenda, kwa sababu tangu asubuhi alishaanza kumpangia Adelard chumba cha mahabusu. Alirudi kwenye vichupa. Kisha akafungua kabati na kutoa vingine, vitupu, vya majaribio ya zamani. Foili ya vile vya zamani ilikuwa imekunjamana na kulegea kwa kushikwashikwa. Ya hivi vinne ilikuwa mpya, imebana, pindo zimekunjwa vizuri, na tepu nyeupe imekatwa kwa mkasi.

"Nani anafunga hivi?"

"Sote. Ndivyo tulivyofundishwa." Adelard alisogea karibu, akakunja uso. "Ila sikumbuki kama vilifungwa upya."

Tupokigwe alitia kichupa kimoja kwenye mfuko wa vielelezo. Kwenye gari Marselino alimwuliza kama bado wanamtaka yule mrefu. Akamjibu kwamba mwenye wivu wa kujitangaza namna ile amewapunguzia kazi, sasa watafute mwenye wivu wa kimya.

*

Dk. Genoveva aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejifunga kanga juu ya suti aliyoivaa kwa ajili ya wageni. Alikaa wima. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, na hata mahabusu haikumpunguzia namna yake ya kumtazama mtu kama mtahiniwa.

"Chupa zako zilikuwa na sukari, Daktari."

"Sukari?" Ilionekana wazi kwamba katika mambo yote aliyoyafikiria usiku ule, hilo halikuwamo. "Kwa nini mtu atie sukari?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza. Nani huwapa panya dawa?"

"Fransis. Ana mkono mwepesi, panya hawahangaiki. Ananipita hata mimi."

"Na Jumatatu?"

Genoveva alitabasamu kidogo. "Jumatatu aliniachia. Wageni wameshasimama, ameshika mpira wa kuwanyweshea, akanikabidhi. Akasema, 'Leo wakuone wewe.' Afande, Fransis si mtu wa kumwachia mwenzake nafasi. Niliguswa mpaka nikataka kulia mbele za watu."

"Amewahi kukuachia siku nyingine?"

"Hapana. Hiyo ilikuwa ya kwanza."

Tupokigwe hakuandika kitu. "Hizo chupa zilitoka nje ya maabara?"

Genoveva alirekebisha kanga begani.

"Fransis ameandika kwenye maelezo yake kwamba hazikutoka."

"Basi hazikutoka."

"Sikuulizi Fransis kaandika nini."

"Ana watoto," alisema Genoveva, akitazama mikono yake. "Mkurugenzi wetu akijua mtu kavunja utaratibu, hamuulizi mara mbili."

"Na wewe una nini?"

"Nina dawa."

"Dawa imemwagwa, Daktari. Kesho jalada linaondoka hapa, na jina lililomo ni lako peke yako."

Ndipo suti na kanga na Uhaya vikamlegea, akalia. Hakulilia mahabusu. Alimlilia mdogo wake, Projestus, aliyepewa figo ya dada yao; figo ikatoka nzima, ikaunganishwa vizuri, kibanio kikafunguliwa, damu ikaingia, na figo ikaharibika pale pale mezani mbele ya madaktari wasio na la kufanya, mpaka akafa. Kutokana na kifo hicho ndipo dawa hii ilipoanzia. Majani yake huchumwa msimu mmoja tu, na kuipika upya kungechukua mwaka mzima. Alipomaliza kulia alisema yote. Jumamosi umeme ulikatika na jenereta ya taasisi ikagoma. Dawa ingeharibika kwa joto. Fransis ana sola kwake Goba, akajitolea kuzihifadhi kwenye friji yake ya nyumbani mpaka Jumatatu. Ilikuwa kinyume cha sheria, wakakubaliana wasimwambie mtu.

"Na umeinyamazia siri hiyo kwa ajili yake?"

"Alikuwa ananisaidia," alisema Genoveva.

*

Goba ni vilima, na kila kilima kina nyumba ambayo mwenyewe bado anaijenga huku akiishi ndani. Ya Dk. Fransis ilikuwa imekamilika upande wa mbele. Nyuma nondo zilikuwa bado zimechomoza, na juu ya paa vioo vya sola viliwaka jua.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba, nywele zimesukwa karibuni, macho yamevimba kidogo.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Tupokigwe.

"Marahaba. Wewe ndiye mke wa Dk. Fransis?"

"Ndiyo, Loveness. Mama Gibson. Yeye hajarudi, ila mchana huja kula. Karibuni ndani, jua kali hili."

Hata polisi, huku kwetu, hakuna anayewakalisha kwenye kochi mikono mitupu. Loveness aliingia jikoni, friji ikafunguliwa na kufungwa, akarudi na trei yenye jagi na bilauri mbili. Alimimina. Marselino akanyoosha mkono, na Tupokigwe akamkanyaga mguu.

Ilikuwa juisi ya unga, ile ya pakiti, ya embe. Tupokigwe alitoa kichupa kwenye mfuko, akakishusha foili kidogo, akakiweka mezani kando ya bilauri. Rangi ilikuwa moja.

Loveness alivitazama vile vitu viwili. Hakukimbia wala hakukana. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akashusha pumzi.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Ila nilidhani mtakuja kuniambia habari za yule mwanamke na mume wangu."

"Mwanamke gani?"

"Genoveva." Alilitamka kama mtu anayetema mbegu. "Mwaka wa pili huu sina jina jingine nyumbani kwangu. Akila, Genoveva. Akioga, namsikia bafuni, Genoveva. Genoveva kaalikwa Arusha, Genoveva kapigwa picha, Genoveva kavaa hivi. Usiku anageuka kitandani halali, namuuliza una nini, anasema namuwaza Genoveva na mambo yake. Afande, wewe ni mwanamke. Ungedhani nini?"

"Endelea."

"Jumamosi nafungua friji nitoe nyama. Nakuta vichupa vimevishwa foili, vimepangwa nyuma ya maziwa ya mtoto, juu kumeandikwa kwa kalamu, 'Dk. Genoveva, usifungue.' Kwenye friji yangu mie. Ndani ya nyumba yangu mie."

"Ukadhani ni nini?"

"Limbwata. Kitu gani kingine? Yule dada anayenisuka Mwananyamala alishanieleza, siku hizi hawaweki kwenye chakula tena, wanampa mwanaume akae nayo mwenyewe, imefungwa isipoteze nguvu. Nikasema kumbe ndiyo maana. Nikavifungua nikamwaga kilichomo kwenye sinki, chote. Kilikuwa kichungu."

"Umejuaje?"

"Nilionja."

Marselino alishindwa kujizuia. "Ulionja limbwata, sista?"

"Nilitaka kujua kampa nini," alisema Loveness, na machozi yakamtoka. "Mie namlisha kila siku, hasemi asante. Nikataka kujua huyo kampa nini kinachonishinda. Halafu nikatia juisi, rangi zinafanana, nikasema akinywa anywe juisi ya mkewe."

Tupokigwe alimwacha alie. Wivu wa namna ile alikuwa ameuona mara nyingi kituoni, kwa kawaida ukiwa umefika pamoja na kisu au maji ya moto. Huu ulikuwa na pakiti ya juisi, na bado ulikuwa umemtia mtu ndani.

"Foili uliifunga tena?"

"Ilichanika. Nilijaribu kuirudishia, ikawa vipande vipande, nikaviacha hivyo hivyo, vichupa vinaonekana. Nikasema liwalo na liwe. Nilikuwa nataka avione. Nilitaka aniulize, mama, ili na mie nimuulize. Jumapili nzima nimekaa nasubiri."

"Akakuuliza?"

"Hakuuliza. Jumatatu alfajiri kavibeba, kaniaga vizuri tu. Alikuwa na furaha siku ile, hata wimbo aliimba."

Tupokigwe aligeuza kichupa. "Hii foili uliifunga wewe?"

Loveness alikishika, akapitisha kidole kwenye pindo zile zilizonyooka. "Hapana. Mie sijui kufunga hivi." Kisha, polepole, "Jumatatu nilitaka kuoka samaki, nikakuta bomba la foili tupu, karatasi yote imekwisha. Na foili yangu ya jikoni ilikuwa nzima kabla ya hapo. Nikamgombeza Gibson."

*

Gari la Dk. Fransis liliingia uani dakika chache baadaye. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, shati limenyooka kana kwamba limetoka kwenye pasi sasa hivi. Aliona gari la polisi, kisha jagi, kisha kichupa, kisha uso wa mkewe. Alimsalimia Tupokigwe kwa heshima zote na kubaki amesimama.

"Uliandika chupa hazikutoka maabara," alisema Tupokigwe.

"Nilikosea. Nilikuwa nalinda kazi yangu."

"Hilo dogo, tutalifikia. Jumapili ulifungua friji yako ukakuta foili imechanika. Mtaalamu wa dawa isiyotaka mwanga akikuta foili imechanika anafanyaje?"

Fransis alilamba midomo. "Anaitupa. Haifai tena."

"Wewe ulifanyaje?"

Fransis alikitazama kichupa mezani.

"Ulichukua foili ya mkeo ukavifunga upya, kwa tepu, kama mlivyofundishwa. Hukumuuliza mtu wa nyumbani kwako aliyechana ni nani. Kisha Jumatatu, mbele ya wageni, wewe usiyemwachia mtu nafasi, ukamkabidhi Genoveva mpira. Ukamwambia leo wakuone yeye."

"Sikujua ni juisi," alisema Fransis. "Naapa. Nilidhani mwanga umeingia tu. Labda ingefanya kazi, labda isingefanya. Nikamwachia Mungu aamue."

"Ukamfungia Mungu foili mpya."

Shati lile lililonyooka likaanza kulowa. Fransis alikaa bila kukaribishwa, na alipofungua mdomo sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Panya wale wote nimewashika mie. Mie nimepasua, mie nimeshona, kwa mikono hii. Yeye mkono unamtetemeka, muulizeni. Lakini jina la kwanza lake, picha zake, mwaliko wake. Wageni wanasalimiana naye, wanauliza na huyu ni nani, anasema ni msaidizi wangu, kwa upole, yaani hata akinidharau ananidharau kwa upole. Nikifumba macho namwona amesimama pale mbele. Nikifumbua namwona. Nilitaka siku moja tu asimame pale mbele na aanguke."

"Na alipowekwa ndani?"

"Nilidhani watamwachia."

Tupokigwe alitoka barazani akapiga simu kituoni. Alimwambia mkuu wa zamu kwamba jalada lisiondoke kesho, Dk. Genoveva aachiwe kwa dhamana yake mwenyewe sasa hivi na apewe chai, na mtu amwambie taratibu kwamba dawa yake haikushindwa, haikuingia tu kwenye panya. Alipokata simu alibaki kidogo akiitazama Goba na nondo zake. Hakuona namna ya kumwambia Genoveva kwamba siku hizi mbili alikuwa anamsitiri adui yake.

Aliporudi ndani, Marselino alikuwa amesimama mlangoni na daftari, na mume na mke walikuwa wanatazamana. Loveness alikuwa ameacha kulia. Usoni mwake kulikuwa na kitu kinachofanana na matumaini, na Tupokigwe alikuwa radhi asikione.

"Kwa hiyo hukuwa naye?" Loveness alimuuliza mumewe.

"Na nani?"

"Na Genoveva. Hukumpenda?"

Fransis alimkodolea macho, kisha akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiyeamini upumbavu wa swali. "Nimpende Genoveva? Namchukia, mke wangu. Namchukia mpaka usingizi sipati. Ndiyo uliyokuwa unafikiria miaka yote hii?"

"Ndiyo niliyokuwa nafikiria."

Loveness akamgeukia Tupokigwe. "Ile niliyoimwaga, ingemtibu nani?"

"Mtu kama mdogo wake. Alikufa mezani, figo ikiungua damu inaporudi. Na wewe utakuja kutoa maelezo, mama Gibson, lakini kwanza tafuta wa kukaa na mtoto."

Loveness aliitikia kwa kichwa. Aliinuka, akachukua jagi na zile bilauri mbili ambazo hakuna aliyezigusa, akaingia jikoni. Walimsikia akimwaga juisi kwenye sinki, akafungua bomba kuisukuma. Aliporudi alikuwa anajifuta mikono kwa kanga, na alisimama mbele ya mumewe karibu sana, kama wanavyosimama wake wanaowarekebishia waume zao kola asubuhi.

"Jana ulikula ugali wangu, ukaongeza," alisema. "Ukalala, na yule mama yuko ndani kwa ajili yako."

Fransis alitazama sakafu.

"Miaka miwili nimelia nikidhani unampenda," alisema Loveness. "Afadhali ungempenda."